Fundi kaanguka juu ya paa la makuti: karatasi za ulemavu mwajiri anazipeleka wapi? ZSSF, bima au WCF?

karani_pwani (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum jamaani. Nataka msaada wa mwenye kujua.

Mimi ni karani wa hesabu katika nyumba ya wageni huku Kusini Unguja, si hoteli kubwa. Nimeingia kazini juzijuzi, mafaili nimeyakuta. Wiki iliyopita fundi wetu wa matengenezo alipanda kubadilisha makuti, boriti ikakatika, akaja chini. Kitogani walimfunga, akapelekwa Mnazi Mmoja. Mguu umevunjika juu ya goti na daktari hajasema kama atapanda tena. Ana mke na watoto, na mwezi ndio huo unakwisha.

Tajiri wangu ni mgeni, mtu mwema, ila sheria za hapa hazijui. Yeye anasema: "Kila mwezi tunachangia ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, basi ZSSF wamlipe." Mhasibu wake aliyeko Dar anasema tujaze fomu za WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dalali wa bima naye anasema bima ipo, lakini anataka "orodha". Orodha gani, hakusema.

Watu watatu, njia tatu. Nimshike nani?

yakhe_malindi

Yakhe, WCF haipandi boti. Huyo mhasibu wa Dar mwambie anywe kahawa yake kwanza.

Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Kodi ya mapato ni ya Muungano, ndiyo maana PAYE ya huyo fundi, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, mnaipeleka TRA. Fidia ya kuumia kazini kila upande una sheria yake. WCF ni ya Bara.

mtu_wa_Temeke

Yuko sahihi jamaa hapo juu. Mimi niko upande wa rasilimali watu huku Dar. WCF imeundwa na sheria ya mwaka 2008, ikaanza kupokea michango Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Sekta binafsi tulianza na asilimia 1 ya mishahara, 2021 ikashuka kuwa 0.6, mwaka uliofuata ikawa 0.5, sawa na serikali. Lakini inamhusu mwajiri wa Tanzania Bara. Hata mkijaza fomu na kulipa, mtakuwa mmelipia kitu ambacho hakiwahusu.

Kwa mkandarasi wa Dar aliyewaleta mafundi wake Unguja kwa muda ni habari nyengine, huyo aanzie WCF yake kwa kuwa ndiko alikojiandikisha. Fundi wenu mmemwajiri huko huko, basi huko huko.

karani_pwani

Ahsanteni. Limebaki la ZSSF na bima. Tajiri ameshikilia ZSSF kama pweza kwenye jiwe.

Bi_Hati

Mwanangu karani, nimefanya kazi ya madai ya bima miaka mingi kabla ya kustaafu. Soma polepole, ni refu.

Zanzibar tuna sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi, namba 15 ya mwaka 1986. Ikarekebishwa kwa sheria namba 5 ya 2005, mwaka ule ule uliopitishwa Sheria ya Ajira namba 11 na ile ya Usalama na Afya Kazini namba 8. Shina lake ni hili: mtu akiumia kwa ajili ya kazi, dhima ni ya mwajiri. Bima inamsaidia mwajiri kulipa, haimwondolei dhima. Ikiwa bima itakataa dai kwa sababu ya karatasi mbovu, fundi wako hapotezi haki yake. Atamdai tajiri moja kwa moja, na tajiri atatoa mfukoni. Hilo mwambie asubuhi kabla hajafungua kompyuta yake.

Sasa hiyo "orodha". Bima ya fidia kwa wafanyakazi, ukate Shirika la Bima la Zanzibar au kampuni nyengine yoyote yenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, haiuzwi kwa kichwa kama tikiti ya boti. Inauzwa kwa mishahara na kwa aina ya kazi. Mwanzo wa mwaka wa bima mwajiri anaandika tamko: makarani ni wangapi na mishahara yao ya mwaka mzima ni kiasi gani, wapishi, walinzi, watu wa bustani, mafundi, kila kundi mbali. Kila kundi lina kiwango chake cha ada, maana anayekaa mezani haanguki na paa. Mwisho wa mwaka mwajiri anapeleka tamko la pili, la mishahara iliyolipwa kweli. Ikiwa imezidi makadirio anaongeza ada, ikiwa imepungua anarejeshewa au anapunguziwa mwaka unaofuata. Waajiri wengi wa hapa tamko la kwanza wanalijaza kwa sababu bila hilo hawapewi hati. La pili hawalioni kabisa. Anaajiri watu wapya msimu wa Julai, anawaacha masika, anaongeza wengine Disemba, na huko kwenye bima orodha ni ile ile ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo dalali anakuuliza mambo matatu kwa neno moja. Je, huyu fundi yumo kwenye tamko? Ameandikwa anafanya kazi gani? Na mshahara ulioandikwa ni ule anaoupokea kweli, au ni ule wa kwenye karatasi?

Hilo la mwisho ndilo linaloua madai. Mtu anapokea laki nne, kwenye tamko ameandikwa laki mbili na nusu, salio analipwa mkononi. Siku ya kuumia, fidia inapigiwa hesabu ile laki mbili na nusu, na bima ina haki ya kubishana nawe kwa kuficha. Na mshahara si pesa taslimu tu. Chakula na malazi anavyopewa navyo kwa kawaida huingia katika hesabu, na watu wengi wa mahoteli wanakula na kulala kazini.

Angalia hati ya bima yenyewe, ile ndefu yenye maandishi madogo. Humo mna muda wa kutoa taarifa. Usingoje fundi apone ndipo upeleke. Barua ya taarifa inakwenda leo hata kama huna kitu chengine: jina, siku, saa, mahali, ameumiaje, nani ameona. Halafu ndio unakusanya faili: fomu ya madai, ripoti ya daktari, mkataba wa ajira, hati za mishahara ya miezi iliyopita, daftari la mahudhurio la siku ile, nakala ya kitambulisho chake, maelezo ya mashahidi, picha za paa. PF3 ya polisi ingehitajika lau ni ajali ya barabarani.

Na jua kuwa madai haya yana awamu mbili. Sasa hivi ana ulemavu wa muda, yaani hawezi kazi mpaka apone, na analipwa kwa kipindi hicho. Ile ya pili inasubiri mguu utulie, daktari aandike asilimia ya ulemavu uliobaki wa kudumu. Usikubali kufunga faili kwenye awamu ya kwanza. Nimeona mafaili yamefungwa kwa "amepona", na mtu anatembea upande.

ndege_tausi

Bi Hati Mungu akulipe. Mimi nna saluni ya watu watano na sijui hata kama hati yangu ina tamko. Nakwenda kuitafuta.

mlango_wa_Zenji

Jamani yote haya ni karatasi za kulia pesa tu. Tangu Oktoba 2024 mgeni anashuka uwanja wa ndege keshalipa dola 44 za bima ya safari. Akiteleza bwawani analipiwa. Anayelisafisha bwawa je?

Bi_Hati

> Anayelisafisha bwawa je?

Anayelisafisha bwawa bima yake ni ya tajiri wake. Ndiyo tunayoizungumza hapa, kijana.

ukti_Kilimani

Nami niingie kwa upande wa ZSSF, kwa sababu tajiri wa karani hayuko peke yake. Waajiri wengi wanadhani mchango wa ZSSF unafunika kila kitu.

ZSSF ilianza kwa sheria ya mwaka 1998, ikatungwa upya kwa sheria namba 2 ya 2005. Ni mfuko wa hifadhi ya jamii: uzeeni, warithi, uzazi, na ndiyo, yamo mafao ya ulemavu. Lakini ulemavu unaotazamwa pale ni wa mtu aliyeshindwa kazi kwa kudumu, madaktari wakathibitisha hivyo. Haiulizwi ameumia wapi. Anaweza kuwa amepata kiharusi usingizini. Mguu uliovunjika ambao huenda ukapona hauingii leo. Ukija kuonekana haukuponeka na mtu hawezi tena kazi, hapo mlango wa ZSSF unafunguka, na haufungi ule wa fidia.

Kwa hiyo wajibu wa mwajiri kwetu ni ule wa kila mwezi: fomu ya michango yenye jina la kila mtu, namba yake ya uanachama, mshahara wake, na pesa yenyewe. Jina likikosewa herufi, au mtu akiandikishwa miezi baada ya kuanza kazi, tatizo halionekani mpaka siku ya dai. Karani, chukua taarifa ya michango ya fundi wako uilinganishe na hati zake za mshahara mwezi kwa mwezi. Kukiwa na pengo, lizibwe sasa wakati yeye yu hai na tajiri yupo. Mjane kuja kuziba pengo la marehemu ni shida nyengine kabisa.

Na usichanganye na Mfuko wa Huduma za Afya, ule ulioanza 2023. Ule ni wa matibabu. Mshahara wa fundi akiwa kitandani haumo humo.

karani_pwani

Dada yangu, nimechukua taarifa. Fundi yumo tangu mwezi wa kwanza wa kazi, jina sawa. Mshahara... tuseme kuna kitu cha kuzungumza na tajiri.

Mzee_Mkaguzi

Vijana, mmemaliza pesa mkasahau ajali.

Nilikuwa mkaguzi wa kazi. Kabla ya bima na kabla ya ZSSF, mwajiri ana wajibu chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini, namba 8 ya 2005. Mahali pa kazi paandikishwe. Ajali iandikwe katika daftari la ajali na itolewe taarifa kwa wakaguzi. Ikiwa mtu amefariki, hakuna hata la kujadili. Taarifa hiyo ni karatasi ya mwanzo ambayo kampuni ya bima, Kamisheni ya Kazi na mahakama wote wataiulizia. Mwajiri asiyeitoa anajionyesha kuwa ana la kuficha, hata kama hana.

Boriti iliyokatika msiitupe. Iwekeni ndani, ipigwe picha. Nimeshakwenda mahali nikakuta ngazi iliyomuangusha mtu imeshatiwa jikoni kupikia biriani, na kila mmoja anaapa ilikuwa nzima.

Jengine ni la kuogopa zaidi. Siku ya tatu au ya nne anatokea mtu wa tajiri na bahasha. Wanakwenda hospitali, wanamwambia mgonjwa, "Chukua hii ya kumsaidia mama watoto, tia saini hapa." Pale pameandikwa amepokea haki zake zote na hana dai. Wakati mwengine wanapitia kwa sheha ipigwe muhuri ionekane nzito. Msaada utolewe, ni uungwana, lakini uandikwe msaada. Fidia ina hesabu yake na inangoja ripoti ya daktari. Karani, wewe ndiye utakayeambiwa uichape barua hiyo. Usiichape.

Wakikosana kabisa, mgogoro unaanzia kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro kilichowekwa na Sheria ya Mahusiano Kazini, namba 1 ya 2005, kwa usuluhishi, halafu ndio Mahakama ya Kazi. Lakini kesi nyingi nilizoziona zilikwisha mezani pale mwajiri alipokuwa na faili lililokamilika. Mwenye faili pungufu ndiye anayekwenda mahakamani.

yakhe_malindi

Hiyo ya bahasha mzee wangu nimeiona kwa macho yangu. Jamaa alitia saini kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa plasta.

mtoto_wa_Mkunazini

Nawasalimia kutoka Brooklyn. Nasoma uzi huu nikiwa kwenye treni, nimecheka ya ngazi na biriani.

Nina kampuni ndogo ya usafi huku. Jimbo la New York wana kitu ambacho sisi nyumbani hatuna kwa sura ile: bima ya ulemavu ya lazima kwa ugonjwa au ajali ISIYO ya kazini. Ya kazini ina bima yake mbali. Ukiwa na mfanyakazi hata mmoja kwa siku 30 ndani ya mwaka, lazima uwe nayo. Mfanyakazi unaweza kumkata nusu asilimia ya mshahara lakini isizidi senti 60 kwa wiki, inayobaki unalipa wewe. Akivunjika mguu akicheza mpira Jumapili analipwa nusu ya mshahara wake wa wiki, usiozidi dola 170, hadi wiki 26, na siku 7 za mwanzo hazilipwi. Hizo dola 170 ni kiwango kilichowekwa 1989, msije mkadhani tunalishwa asali.

Kilichonifurahisha ni karatasi zake. Kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayopeleka taarifa kwa bodi ya serikali kuwa fulani ana bima. Mimi napewa cheti kinaitwa DB-120.1. Nikitaka kibali au zabuni ya serikali, bila cheti hicho sisikilizwi. Ukutani lazima nibandike tangazo, DB-120, kila mfanyakazi aone jina la kampuni ya bima. Akiugua, anajaza DB-450: sehemu yake, ya daktari, na yangu mwajiri, ndani ya siku 30. Nikikutwa sina bima, faini inapigwa kwa asilimia ya mishahara ya kipindi chote nilichokaa bila, na juu yake mpaka dola 500.

Kwa hiyo huku mfanyakazi anajua bima yake iko wapi kabla hajaumia. Nyumbani anajua siku ya kuanguka, tena kwa kumuuliza karani.

Mzee_Mkaguzi

Hilo la kubandika ukutani nalipenda. Halihitaji sheria mpya. Mwajiri yeyote anaweza kufanya kesho, nakala moja ya hati na gundi.

Mpemba_Wete

Nyie mwazungumza mahoteli. Na huku kwetu je?

Msimu wa karafuu mtu anakodisha wachumaji, anawalipa kwa pishi. Leo yuko shamba hili, kesho lile. Akianguka mkarafuu, mkarafuu wenyewe mwaujua ulivyo mrefu na tawi lake linavyodanganya, mwajiri wake nani? Mwenye shamba? Aliyekodi mikarafuu kwa mwenye shamba? Hana mkataba, hana orodha, hana hati ya mshahara. ZSTC imewahi kuwalipa walioanguka, na hilo ni jambo jema, lakini ile ni hisani ya shirika linalonunua karafuu. Aliyempandisha mtini yuko kwake anaanika.

Bi_Hati

Umegusa penyewe, baba. Bima ya aina hii inataka jina la mwajiri na mishahara. Mchumaji wa pishi vyote viwili vinayeyuka. Anachoweza ni kujikatia mwenyewe bima ya ajali binafsi, na huyo haulizwi mwajiri, lakini nani akumbuke hilo wakati karafuu zinaiva na mvua inanyemelea?

ukti_Kilimani

Kwa hawa ZSSF ina mpango wa hiari, mtu anachangia mwenyewe kwa kiasi chake. Ni akiba ya kesho. Haumsaidii mkono uliovunjika leo, sitaki mtu adanganyike.

Mpemba_Wete

Basi jibu ni kwamba hatuna jibu. Nashukuru kwa kunambia kweli.

mlango_wa_Zenji

Nimewadharau mwanzo, nasema wazi uzi huu una manufaa. Karani tupe habari za fundi.

karani_pwani

Haya, nimerejea.

Barua ya taarifa imekwenda kwa kampuni ya bima na kwa wakaguzi wa usalama kazini. Zote zimepigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo. Hati ya bima nimeipata, ilikuwa ndani ya droo ya tajiri pamoja na vitabu vya maelekezo ya mafriji. Fundi yumo kwenye tamko, ila ameandikwa "bustani na usafi". Mshahara ulioandikwa ni ule wa mwaka juzi.

Tajiri nimemkalisha nikamsomea aliyoyasema Bi Hati, neno kwa neno. Kwanza alikasirika, akasema mbona dalali hakumwambia. Nikamuuliza dalali alimwambia nini siku ya kukata. Akanyamaza. Tumekubaliana mshahara wa fundi utaendelea kwenda nyumbani kwake mwezi huu kwa ukamilifu, umeandikwa mshahara, hakuna bahasha. La aina ya kazi bima watasema neno lao. Wakipunguza, tajiri anajazia, na hilo ameliandika kwa barua pepe, si kwa mdomo.

Nina swali la mwisho. Paa bado liko wazi na mvua ipo. Keshokutwa anakuja fundi makuti kutoka nje na vijana wake wawili. Si waajiriwa wetu. Wakianguka?

Bi_Hati

Muulize kama ana bima ya vijana wake. Akisema anayo, aonyeshe hati, uangalie tarehe na kazi iliyoandikwa. Hicho ndicho cheti cha kijana wa Brooklyn, hapa tunakidai wenyewe.

karani_pwani

Nimempigia. Amecheka, akasema bima yake ni Mungu.

Mzee_Mkaguzi

Bima ya Mungu tunayo sote. Asipande.

Bi_Hati

Au mwandikie dalali leo umuombe awaongeze watatu hao kwa siku za kazi tu, kundi la mafundi wa paa, na malipo yao yaandikwe kama yalivyo. Ada itakuwa ndogo. Usiwape ngazi mpaka upate jibu la maandishi, "sawa" ya simu haihesabiki.

karani_pwani

Nimemwandikia. Amejibu sasa hivi: anataka majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na malipo ya kila mmoja. Mmoja wa vijana hana kitambulisho, anasema kimepotea Darajani. Huyo atakaa chini afume makuti.

yakhe_malindi

Na wewe karani, umo kwenye orodha?

karani_pwani

Nimeangalia. Simo. Tamko lilijazwa kabla sijaajiriwa. Naandika barua ya pili.